Cardona: Mji wa Mlima wa Chumvi

Katika karne ya pili kabla ya kuzaliwa Kristo, Cato, mwanasiasa na jemadari wa Kirumi aliyeongoza vita Hispania mwaka 195 K.K., aliandika habari za nchi iliyo ng'ambo ya mto Ebro. Miongoni mwa mambo aliyoyataja ni mlima mkubwa wa chumvi tupu, na akaongeza neno la ajabu: kwamba kadiri watu wanavyoukata mlima huo ndivyo unavyozidi kukua. Kitabu chake kimepotea isipokuwa vipande vichache. Habari hii tunayo leo kwa sababu ilinakiliwa na mwandishi mwingine wa Kirumi, Aulus Gellius, katika karne ya pili baada ya Kristo. Wataalamu wengi hukubali kwamba mlima uliokusudiwa ni ule wa Cardona, mji mdogo ulioko kaskazini-mashariki ya Hispania.

Mtu asomaye maneno hayo huenda akayacheka, kwa maana jiwe halioti kama muhogo. Hata hivyo elimu ya miamba imeonyesha kwamba mna ukweli ndani yake. Mlima wa Cardona ulipanda kweli kutoka chini kabisa ya ardhi, na ulipanda kwa sababu ya tabia ya chumvi yenyewe. Lakini kuna jambo la pili ambalo msomaji wa Cato angeweza kulidhania, nalo ni kwamba mlima wa namna hiyo hauwezi kuisha wala kuharibika. Dhana hiyo si ya kweli, na mwaka 1998 wakazi wa Cardona walioneshwa hivyo kwa namna iliyowatia hofu. Makala haya yanaeleza jinsi mlima huo ulivyotokea, jinsi ulivyoujenga mji, na jinsi maji na kazi ya binadamu vinavyoweza kuubomoa.

MAHALI ULIPO MJI

Cardona ni mji wa watu wasiofikia 5,000, katika jimbo la Katalonia, takriban kilomita 90 kutoka Barcelona kwa kuelekea kaskazini-magharibi. Upande wake wa kaskazini huanza kuinuka vilima vinavyotangulia milima ya Pyrenees, inayoitenga Hispania na Ufaransa. Mto Cardener unapita kando ya mji kwa kona kubwa, kisha unashuka kusini hadi kuungana na mto Llobregat, ambao nao humwaga maji yake katika bahari ya Mediterania karibu kabisa na jiji la Barcelona. Inafaa njia hiyo ya maji ikumbukwe, kwa sababu itatajwa tena.

Juu ya kilima kimoja imejengwa ngome kubwa ya mawe inayoonekana kutoka mbali. Nje kidogo ya mji kuna bonde liitwalo Bonde la Chumvi. Humo ndimo mwamba wa chumvi unamojitokeza waziwazi juu ya uso wa nchi, kwa kimo cha zaidi ya mita 100. Mahali ambapo chumvi ya mawe huonekana hivyo ni pachache sana katika Ulaya, maana kwa kawaida huwa imefichika chini ya udongo na miamba mingine. Rangi yake si nyeupe peke yake. Kuna michirizi ya kijivu iliyotokana na udongo wa mfinyanzi, na mingine ya waridi na nyekundu iliyotokana na oksaidi za chuma. Michirizi hiyo haikulala sawasawa kama kurasa za kitabu. Imepinda na kukunjamana kama kitambaa kilichosukumwa kwa mikono miwili juu ya meza, na mikunjo hiyo ni ushahidi wa mwendo.

CHUMVI ILIVYOTUAMA

Takriban miaka milioni 36 iliyopita, sehemu hii ya Hispania ilikuwa chini ya bahari. Ilikuwa ghuba refu lililofunguka kuelekea Atlantiki. Milima ya Pyrenees ilipokuwa ikiinuka, mlango wa ghuba hilo ulizibwa kidogo kidogo. Maji yaliyobaki ndani yalipigwa na jua, yakageuka mvuke, na yaliyosalia yakazidi kukolea.

Maji ya bahari yanapokauka hayaachi chumvi zake zote kwa pamoja. Zile ambazo ni ngumu kuyeyuka hutangulia kutuama, na zile zilizo nyepesi kuyeyuka huwa za mwisho. Kwanza hutuama chokaa. Maji yakisalia kiasi cha thuluthi mpaka moja ya tano ya ujazo wa mwanzo, hutuama jasi. Yakisalia takriban moja ya kumi, huanza kutuama chumvi ya kawaida, yaani kloridi ya sodiamu, ile itumiwayo jikoni. Mwisho kabisa, yakiwa yamebaki maji machache mno na mazito, hutuama chumvi za potasiamu na za magnesi. Utaratibu huo ndio unaoonekana katika miamba ya Cardona: chini kuna jasi, juu yake chumvi nyingi ya kawaida, na juu ya hiyo matabaka yenye potasiamu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeyajua matabaka hayo aweza kuisoma historia ya bahari iliyokufa, hatua kwa hatua.

Hapa lazuka swali la hesabu. Kila mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina takriban kilo 35 za chumvi za aina mbalimbali. Kama bahari yenye kina cha mita 1,000 ingekauka yote, kila mita ya mraba ya sakafu yake ingebakiwa na kilo 35,000. Kiasi hicho hufanya tabaka lenye unene wa mita 16 hivi tu. Lakini tabaka la chumvi la Cardona lilipotuama lilikuwa na unene wa mita 300 hivi. Ni dhahiri basi kwamba haikuwa bahari moja iliyokauka mara moja. Maji mapya yaliendelea kuingia ghubani kupitia mlango uliokuwa ukifungika, nayo yakakauka, yakaacha chumvi yake juu ya ile ya kwanza. Hali ilikuwa sawa na sufuria inayochemshwa na kuongezwa maji ya chumvi kila yanapopungua.

Hatimaye mlango ulifungika kabisa. Mito iliyotoka katika milima michanga ya Pyrenees ilileta mchanga, kokoto na udongo, na mashapo hayo yakaifunika chumvi kwa unene wa mamia ya mita.

JINSI MLIMA ULIVYOPANDA

Chumvi ya mawe ikipigwa nyundo huvunjika kama kioo. Lakini ikikandamizwa kwa nguvu kubwa na kwa muda mrefu sana, haivunjiki, bali hutiririka polepole mfano wa nta iliyopata joto. Fuwele zake huteleza na kujipanga upya bila mwamba kupasuka. Tabia hii ndiyo chanzo cha mambo yote ya Cardona.

Nguvu mbili zilishirikiana. Ya kwanza ni tofauti ya densiti. Densiti ya chumvi ya mawe ni takriban gramu 2.16 kwa sentimita moja ya ujazo, nayo haibadiliki sana hata chumvi ikizikwa chini sana. Mchanga na udongo, kinyume chake, vikizikwa hushindiliwa na kupoteza maji na hewa, hata densiti yake ikafikia gramu 2.4 na zaidi. Kwa hiyo kitu chepesi hujikuta kimelaliwa na kitu kizito. Hali hiyo haina utulivu, kama vile mafuta yaliyowekwa chini ya maji: yakipata upenyo hupanda.

Nguvu ya pili, ambayo hapa ilikuwa na kazi kubwa, ni msukumo uliotoka upande wa kaskazini wakati milima ya Pyrenees ilipokuwa ikiundwa. Msukumo huo uliikunja miamba yote ya eneo hilo. Mahali mkunjo ulipoinuka, chumvi ilikimbilia humo kutoka pande zote, kama dawa ya meno inavyokimbilia mdomo wa bomba lake linapominywa. Baadaye mto Cardener na mvua vilikwangua miamba iliyokuwa juu ya mkunjo, kifuniko kikawa chembamba, na chumvi ikapenya hadi nje.

Umbo la namna hii wataalamu huliita diapiri, neno lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya kupenya. Sehemu ionekanayo Bonde la Chumvi ni ncha tu. Nguzo yenyewe inashuka chini ya ardhi kwa takriban kilomita mbili.

Hivyo basi, Cato au yule aliyemsimulia hakukosea kabisa. Chumvi ilikuwa ikipanda kujaza nafasi. Kosa liko katika kipimo cha wakati. Mwendo wa diapiri kwa kawaida huhesabiwa kwa milimita, au hata sehemu ya milimita, kwa mwaka mmoja. Mchimbaji mmoja mwenye sururu huweza kutoa kwa siku moja kimo ambacho mlima hauwezi kukirudisha kwa uhai wake wote.

KWA NINI MVUA HAIUMALIZI

Yapo maswali ambayo kila mgeni huyauliza. Kama ni chumvi, kwa nini mvua haijauyeyusha? Gramu 100 za maji huweza kuyeyusha takriban gramu 36 za chumvi. Kila lita ya mvua basi yaweza kubeba zaidi ya robo tatu ya ratili.

Jibu lina sehemu tatu. Kwanza, maji ya mvua hutelemka upesi kwenye miteremko mikali, nayo huondoka kabla hayajapata nafasi ya kushiba chumvi. Pili, chumvi inapoyeyuka huacha nyuma udongo na jasi iliyochanganyika nayo, na mabaki hayo hujenga ngozi inayoikinga chumvi iliyo chini. Tatu, chumvi iliyo kubwa na safi haipitishi maji, kwa hiyo mvua huila kwa nje tu, isipokuwa palipo na ufa.

Hata hivyo mlima huliwa, na alama za kuliwa kwake ndizo mojawapo ya mambo yanayowavuta wageni. Uso wa mwamba umechongwa mifereji midogo iliyosimama sambamba, yenye kingo kali kama visu. Ndani ya njia za zamani za wachimbaji, maji yaliyopenya hudondoka kutoka darini na kuacha chumvi yake, hata yakafanyika mabomba membamba meupe yanayoning'inia. Vitu kama hivyo vipo pia katika mapango ya mawe ya chokaa, lakini huko hukua kwa maelfu ya miaka. Katika migodi ya Cardona vimekua katika muda wa miongo michache tu, kwa kuwa chumvi huyeyuka na kutuama kwa urahisi mkubwa kuliko chokaa. Kwa sababu hiyo mahali hapa ni kama maabara, ambamo kazi ambazo maji huzifanya polepole mno katika miamba mingine zinaweza kutazamwa zikitendeka.

MABWANA WA CHUMVI

Watu walianza kuichimba chumvi ya Cardona zamani sana. Wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta katika eneo hilo zana za mawe magumu zilizotumiwa kuivunjia chumvi takriban miaka 6,000 iliyopita. Baadhi yake ni mashoka yaliyokwisha chakaa kwa kazi nyingine, yakageuzwa kuwa nyundo za mgodini. Katika enzi ambayo hapakuwa na njia nyingi za kuhifadhi nyama wala kusindika ngozi, mwamba kama huu ulikuwa mali isiyo na kifani. Pwani za Mediterania zilikuwa na mashamba ya chumvi, lakini mkaaji wa bara aliyekuwa mbali na bahari aliitazama Cardona.

Mwaka 886, Wilfred, mtawala wa Barcelona, aliijenga ngome juu ya kilima kilicho karibu na chumvi. Miaka mia moja baadaye, mwaka 986, Borrell II aliwapa wakazi hati ya mji ili kuwavutia watu kuhamia mahali hapo palipokuwa mpakani. Miongoni mwa haki walizopewa ilikuwa kujichimbia chumvi siku ya Alhamisi. Siku nyingine chumvi ilikuwa ya bwana wa mji. Kanisa la Mtakatifu Vincent lililomo ngomeni, lenye kuta nene na madirisha madogo kama ilivyokuwa desturi ya ujenzi wa wakati ule, liliwekwa wakfu mwaka 1040 na lingali limesimama.

Ukoo uliotawala Cardona ulitajirika kwa chumvi hiyo. Wakuu wake walipanda cheo, wakafanywa makaunti mwaka 1375, kisha wakawa watawala wakubwa zaidi mwishoni mwa karne ya 15. Watu waliwaita wafalme wasio na taji. Ngome yao ilistahimili mazingiwa mwaka 1711 katika vita vya kugombea kiti cha ufalme wa Hispania. Mwaka 1714, Barcelona ilipoanguka tarehe 11 Septemba, Cardona iliendelea kushikilia kwa siku saba zaidi, ikasalimu amri tarehe 18.

Katika karne hizo zote uchimbaji ulifanywa juu ya ardhi, kwa mikono. Vipande vilikatwa vikachukuliwa na wanyama wa mizigo, na mafundi wa mji wakajifunza kuchonga sanamu kutokana na vipande vilivyo safi na vyenye kupitisha mwanga. Ufundi huo haujapotea. Kiasi kilichotolewa kwa njia hiyo kilikuwa kidogo kikilinganishwa na nguzo nzima, na si ajabu kwamba watu walidhani mlima hauishi.

POTASI

Mambo yalibadilika katika karne ya 20, wala si kwa sababu ya chumvi ya jikoni. Mimea huhitaji potasiamu kwa wingi, pamoja na naitrojeni na fosforasi, na ndiyo maana herufi N, P na K huandikwa juu ya magunia ya mbolea. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, karibu potasi yote iliyouzwa duniani ilitoka katika migodi ya Ujerumani. Mwaka 1912 potasi iligunduliwa Súria, mji ulio chini ya Cardona katika bonde la mto huohuo. Ghafla ardhi iliyokuwa na sifa ya chumvi tu ikawa na thamani nyingine.

Mgodi wa potasi wa Cardona ulifanya kazi tangu mwaka 1929 hadi 1990. Wachimbaji waliyafuata matabaka yenye potasiamu ambayo, kwa kuwa yalipindishwa wakati diapiri ilipopanda, yalishuka chini karibu wima. Mgodi ulifikia kina cha takriban mita 1,300. Kwa kawaida joto la mwamba huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita moja ya kwenda chini, kwa hiyo kazi ya sehemu za chini ilikuwa kazi ya jasho jingi. Vizazi viwili vya wenyeji viliishi kwa mgodi huo.

Mwamba uliotolewa haukuwa potasi tupu, kwani sehemu yake kubwa ilikuwa chumvi ya kawaida. Potasi ilipokwisha kutengwa, chumvi hiyo ilitupwa kama makapi karibu na mgodi, mwaka baada ya mwaka, mpaka ikawa vilima vipya. Kitu ambacho makaunti wa Cardona walikilinda kwa ngome na askari kilikuwa sasa takataka.

Takataka hiyo haikukaa kimya. Mvua iliyonyesha juu ya vilima hivyo, pamoja na vile vya migodi mingine ya bonde hilo, iliteremsha chumvi katika Cardener na Llobregat, na maji ya Llobregat ndiyo yanayonywewa na sehemu kubwa ya watu wa Barcelona. Katika miaka ya 1980 lilijengwa bomba la kuchukua maji ya chumvi ya migodi na kuyapeleka moja kwa moja baharini. Bomba lilipunguza madhara, lakini halikuyamaliza. Katika mitambo ya maji ya kunywa, kama ule wa Abrera ulioanza kutumia njia hiyo mwaka 2009, hulazimu kutumia nguvu za umeme kuiondoa chumvi majini, jambo lenye gharama. Potasi bado huchimbwa Súria, na kwa hiyo suala hili bado liko hai.

MTO ULIPOINGIA MGODINI

Hatari kubwa zaidi ilikuwa karibu na mji wenyewe. Baada ya mgodi wa potasi kufungwa, kulikuwa na njia za chini ya ardhi zisizo na kina kirefu, karibu na mahali mto Cardener unapopiga kona juu ya diapiri. Mwaka 1998 njia mojawapo, iliyokuwa chini ya usawa wa mto, ilikutana na mfereji wa asili uliotobolewa na maji ndani ya chumvi. Maji ya mto yakapata mlango, yakaanza kuingia mgodini.

Ili kuuelewa uzito wa jambo hili, hesabu ndogo inatosha. Mita moja ya ujazo ya maji baridi huweza kuyeyusha takriban kilo 360 za chumvi. Mita moja ya ujazo ya chumvi ya mawe ina kilo 2,160. Kwa hiyo mita sita za ujazo za maji huweza kula mita moja ya ujazo ya mwamba. Na ichukuliwe kwa mfano kwamba maji yanaingia kwa kiasi cha lita 100 kwa sekunde, ambacho ni kijito kidogo tu. Kila dakika moja mwamba wa mita moja ya ujazo hutoweka, na kwa siku moja hutoweka mita 1,440. Tundu likipanuka, maji huingia kwa wingi zaidi, na yakiingia kwa wingi tundu hupanuka zaidi. Mwanzo huo ukishaanza, hauna breki ndani yake.

Ndivyo ilivyotokea. Ardhi iliyo juu ya matundu hayo ilititia, yakatokea mashimo makubwa penye uwanda uliokuwa tambarare. Maji yaliyoingia mgodini yalitoka yakiwa yamelemewa na chumvi. Suluhisho lililochaguliwa lilikuwa kuuhamisha mto wenyewe. Lilichimbwa handaki katika mwamba usio wa chumvi, na Cardener ukapitishwa humo, ukaikwepa ile kona iliyokuwa juu ya diapiri. Kwa hiyo leo sehemu ya njia ya kale ya mto imeachwa.

Cardona ilinusurika kwa kuwa mto wake ni mdogo na uliweza kuelekezwa kwingine. Si kila mgodi wa potasi uliobahatika hivyo. Katika Jamhuri ya Kongo, mgodi wa Holle, uliofunguliwa mwaka 1969, ulifurika maji mwaka 1977 ukafungwa kabisa. Adui wa migodi ya aina hii ni yuleyule kila mahali: maji baridi yanayopata njia ya kupenya.

CARDONA YA LEO

Tangu mwaka 2003 eneo la mgodi wa zamani ni bustani ya elimu na utalii. Wageni huongozwa ndani ya mlima kwa njia yenye urefu wa mita 500 hivi, wakifika mita 86 chini ya ardhi. Huko huona kwa macho yao mikunjo ya matabaka, rangi zake, na mabomba meupe ya chumvi yakiendelea kukua. Sehemu ya ngome imegeuzwa kuwa hoteli.

Hata utalii huo hutegemea hewa. Chumvi safi haivuti maji endapo unyevu wa hewa ni chini ya asilimia 75, lakini ukizidi hapo huanza kulowa na kuyeyuka. Kila mtu wa pwani amekwisha kuliona jambo hili katika kikopo cha chumvi cha jikoni wakati wa masika. Chumvi yenye mchanganyiko wa magnesi, kama zile za matabaka ya potasi, hulowa upesi zaidi.

Kwa muhtasari, katika mji huu mdogo kuna saa tatu zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Diapiri hupanda kwa milimita. Mvua huukwangua mlima kwa sentimita hapa na pale. Mgodi na mto ulioingia mgodini huondoa maelfu ya mita za ujazo kwa siku chache. Wale waliosema mlima hukua kadiri unavyokatwa waliitazama saa ya kwanza peke yake.

MAJARIBIO NA MASWALI KWA DARASA

1. Mimina mafuta ya kupikia katika chupa yenye mdomo mpana hadi robo, kisha uyafunike kwa maji ya rangi ukiyamimina polepole. Angalia kinachotokea, ueleze kwa kutumia neno densiti. Je, kuna tofauti gani kati ya jaribio hili na mwendo wa chumvi chini ya ardhi?

2. Yeyusha chumvi nyingi kadiri iwezekanavyo katika gramu 100 za maji. Ongeza kijiko kimoja cha maji safi na kipande cha chumvi ya mawe. Je, kipande kinaendelea kuyeyuka? Kwa nini maji yaliyokwisha kushiba chumvi si hatari kwa mgodi kama maji ya mto?

3. Kama tabaka la chumvi lina unene wa mita 300, na bahari yenye kina cha mita 1,000 huacha mita 16 tu, bahari ngapi za namna hiyo zingehitajika? Eleza kwa nini wataalamu hawasemi kwamba bahari ilijaa na kukauka mara hizo zote.

4. Wakazi wa Cardona walipata riziki kwa potasi kwa zaidi ya miaka 60, na watu wa Barcelona huyatibu maji yenye chumvi kwa gharama. Jadilini ni nani anayestahili kulipa gharama hiyo, na kwa kipimo gani.